Kipindi cha Maswali Bungeni Dodoma: waziri hubanwa na swali lililopimwa

Nyota 3 kati ya 5.

Huduma hii haina kaunta wala risiti, lakini inaendeshwa kwa kodi zetu, na hapa Dodoma hakuna nyingine inayompa mbunge wa upinzani nafasi ya kumsimamisha waziri na kumtaka ajibu mbele ya nchi nzima. Katiba, Ibara ya 63(3)(a), inalipa Bunge madaraka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hapo hakuna kasoro. Kasoro ziko kwenye namna maswali yanavyotungwa, yanavyojibiwa na yanavyosahaulika. Tathmini hii ni kwa wanaoitumia huduma hiyo: mbunge wa upinzani, msaidizi wake, diwani anayemtegemea, mwandishi wa habari, na mwananchi wa Chamwino, Manyoni au Kondoa anayetaka kero yake itajwe ndani ya ukumbi ule.

Swali la msingi huandikwa na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge mapema. Ofisi yake hulipitia. Hotuba hukatwa, kejeli na maoni binafsi huondolewa, na jambo lililoko mahakamani hurudishwa. Kisha linakwenda wizarani, siku hizi Mji wa Serikali kule Mtumba, na safari halisi inaanzia hapo. Swali la kituo cha afya au barabara ya vijijini huangukia TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. TAMISEMI huwauliza walio chini yake, mkurugenzi wa halmashauri au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Majibu hupanda kwa ngazi zilezile. Kwa hiyo karatasi anayosoma naibu waziri asubuhi mara nyingi imetokana na maelezo ya ofisi ileile inayolalamikiwa. Mbunge akilijua hilo, ataliandika swali lake kwa namna nyingine. Hataulizia jambo ambalo halmashauri inaweza kujisifia yenyewe. Ataulizia lenye karatasi nje ya halmashauri: fedha iliyotoka Hazina, tarehe ya mkataba, malipo ya mkandarasi, hoja ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ambayo haijafungwa.

Ugonjwa mkubwa wa kipindi hiki ni swali la "ni lini". Fungua Hansard, yaani taarifa rasmi ya majadiliano, ya kikao chochote, utayakuta yamepangana: "Je, ni lini Serikali itajenga…", "Je, ni lini Serikali itapeleka…". Swali la namna hiyo linamwachia waziri mlango wazi, kwa sababu kesho haina nyaraka. Hakuna mtu anayeweza kumwonyesha waziri kwamba kesho yake ni ya uongo.

Chukua Bwawa la Farkwa wilayani Chemba, linalotajwa miaka nenda miaka rudi kuwa mkombozi wa maji kwa Dodoma, mji ambao umeegemea visima vya Mzakwe kwa muda mrefu. Ukiuliza "Je, ni lini Serikali itajenga Bwawa la Farkwa?", jibu unaweza kuliandika mwenyewe kabla hujaingia ukumbini: Serikali inatambua umuhimu wa bwawa hilo, taratibu zinaendelea, Mheshimiwa Mbunge avute subira. Sasa liandike hivi: "(a) Je, Serikali imetumia kiasi gani katika upembuzi yakinifu na usanifu wa bwawa hilo, mwaka hadi mwaka? (b) Je, ni kaya ngapi zilizotakiwa kupisha mradi zimelipwa fidia, ngapi bado, na deni lililobaki ni shilingi ngapi?" Sehemu zote mbili zinauliza yaliyokwisha kutokea. Waziri ana njia mbili tu: kutaja namba au kukwepa kutaja namba, na zote zinaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Akitaja, kaya zilizoko Chemba zinaweza kuikagua namba hiyo siku hiyohiyo. Akikwepa, una swali la nyongeza mkononi.

Majibu yenyewe yana lugha yake, na ni lazima uijue kama fundi anavyojua mlio wa injini. "Naomba kujibu swali la Mheshimiwa kama ifuatavyo" ni utaratibu tu, ruka. Aya ya kwanza baada ya hapo husimulia historia ya mradi, na kwa kawaida haina kitu. Anza kusikiliza sana kwenye neno la fedha. "Serikali imetenga" maana yake fungu limeandikwa kwenye kitabu cha bajeti, bado halijatoka. "Serikali imetoa" maana yake fedha imeondoka Hazina. Miradi mingi inayolala imetengewa fedha mwaka baada ya mwaka bila kupokea hata robo ya kilichoandikwa, na jibu la "imetenga" hupigiwa makofi kana kwamba greda limeshafika kijijini. Swali la nyongeza hapo ni fupi sana: kati ya hizo zilizotengwa, zimetoka kiasi gani hadi leo?

"Usanifu wa kina umekamilika" ukiusikia, uliza kama zabuni imetangazwa. "Mkandarasi yuko eneo la mradi" ukiusikia, uliza amelipwa asilimia ngapi na anadai kiasi gani, kwa sababu mkandarasi asiyelipwa anaweza kuwa eneo la mradi mwaka mzima na mitambo imezimwa. "Kadri fedha zitakavyopatikana" ni hapana iliyovaa suti. Lile jibu la "nitaongozana na Mheshimiwa Mbunge kwenda jimboni baada ya Bunge" lipokee kwa heshima, lakini omba tarehe palepale. Tarehe ikitajwa ukumbini inaingia kwenye Hansard. Ikitajwa kwenye korido inaishia huko.

Nguvu ya huduma hii iko kwenye swali la nyongeza. Mwenye swali la msingi hupewa mawili. Wabunge wengine huuliza moja moja kadri kiti cha Spika kitakavyoona. Hapa naibu waziri hana karatasi ya kusoma. Ana jalada la maelezo lililoandaliwa na wataalamu wake, na mengine ni uelewa wake mwenyewe wa wizara. Inasikitisha kuona wabunge wa upinzani, tena wenye hoja nzito, wakiimaliza nafasi hii kwa salamu. Huanza na "pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri", wakati majibu hayakuwa mazuri. Ukishayasifu, umeyakubali, na Hansard haitaandika kwamba ulisema hivyo kwa adabu. Kuna wanaosema "nakushukuru kwa kunipa nafasi" na kwenda moja kwa moja kwenye namba. Inatosha, na adabu haijavunjwa.

Kosa la pili ni kutoka nje ya swali la msingi. Ukiwa umeuliza maji ya Bahi, halafu kwenye nyongeza ukaleta umeme wa Mpwapwa, Spika atasema hilo ni swali jipya, au waziri atakuomba ulilete kama swali la msingi, na umepoteza. Kosa la tatu ni kubandika maswali manne ndani ya moja. Waziri atachagua jepesi, alijibu kwa sauti kubwa, akae. Uliza moja lenye jibu moja.

Kuna dalili ya kutazama. Naibu akishajibu, waziri mwenyewe akasimama kuomba "kutoa majibu ya nyongeza", ujue swali limegusa mahali. Akisimama na wa tatu, labda Waziri wa Nchi anayeshughulikia masuala ya Bunge, basi limegusa zaidi. Mwandishi wa habari mwenye macho huandika majina ya waliosimama na mpangilio wao, kwa sababu wa pili husema jambo ambalo wa kwanza alilificha, na mara nyingine humkosoa bila kumtaja.

Alhamisi ni habari nyingine. Maswali kwa Waziri Mkuu huchukua nusu saa, hayapelekwi kwa maandishi kabla, na yanatakiwa yawe ya sera. Kwa upinzani hii ndiyo siku bora ya wiki, kwa sababu Waziri Mkuu anajibu kwa kichwa chake. Tarehe 20 Juni 2013, katika kipindi hicho, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitoa kauli kuhusu polisi kuwapiga wanaokaidi amri, kauli iliyozua mjadala nchi nzima na kufunguliwa kesi na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika. Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo mwaka 2014. Jibu la wizarani, lililopitiwa na maafisa, lisingetoka vile hata kidogo. Udhaifu wa Alhamisi ni mmoja: swali likiwa dogo mno, la daraja moja au zahanati moja, Waziri Mkuu atalirudisha wizarani na dakika zimekwenda. Lipandishe liwe la sera. Badala ya zahanati ya kijiji, uliza Serikali inafanya nini na maboma yote ya zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi na kuachwa bila kuezekwa.

Sasa hatari. Mbunge wa upinzani anayetuhumu bila ushahidi hutakiwa kuthibitisha au kufuta kauli, na akishindwa anakwenda Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kupitia CHADEMA, alileta hoja binafsi kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri Nazir Karamagi. Aliishia kusimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa kwa madai ya kusema uongo dhidi ya waziri. Hoja yenyewe haikufa. Novemba mwaka uleule Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, Zitto akiwa mjumbe, na mwaka 2010 ikapatikana Sheria mpya ya Madini. Karamagi alijiuzulu Februari 2008 katika sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, pamoja na Waziri Mkuu Edward Lowassa.

Mfano wa karibuni ni wa Juni 2024. Luhaga Mpina, wakati huo bado mbunge wa CCM wa Kisesa, alimtuhumu Waziri wa Kilimo Hussein Bashe kulidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuingiza sukari. Alitakiwa kuleta ushahidi, akauleta. Lakini aliuzungumza pia kwa waandishi wa habari kabla Spika hajaufanyia kazi, na adhabu ya kutohudhuria vikao 15 ikatokana na hilo. Kwa mtumiaji wa huduma, hili lina uzito kuliko linavyoonekana: ushahidi ukishakabidhiwa kwa Spika, usiutoe kwingine mpaka utolewe uamuzi.

Ndiyo maana swali lililopimwa ni salama kuliko tuhuma. "Waziri amekula fedha" inakutaka uthibitishe wewe. "Je, ni kampuni zipi zilipewa vibali, tarehe ngapi, na kila moja iliingiza tani ngapi?" inamtaka aeleze yeye. Kazi ileile, mzigo umehama bega.

Swali peke yake halimng'oi mtu, tusidanganyane. Katika sakata la Escrow ya Tegeta mwaka 2014, la fedha za umeme zilizochotwa kwenye akaunti maalum Benki Kuu, David Kafulila wa NCCR-Mageuzi alilipigia kelele jambo bungeni, lakini lililomaliza kazi ni uchunguzi wa CAG na taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali iliyosomwa Novemba. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba, Waziri wa Ardhi Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa, na Waziri wa Nishati na Madini Profesa Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015. Swali lilifungua mlango. Waliopita humo walikuwa na vitabu vya hesabu.

Mahali ambapo tumekata nyota bila kusita ni kwenye ufuatiliaji. Waziri anaweza kuahidi mwezi Februari, swali lilelile likarudi Septemba, na jibu likasomwa karibu neno kwa neno. Mbunge makini hufanya kazi hii mwenyewe kwa daftari lenye safu tano: tarehe ya kikao, namba ya swali, aliyejibu, alichoahidi, mwisho wa ahadi. Mwaka unaofuata anasimama na kusema, "tarehe fulani, katika jibu la swali namba fulani, Serikali iliahidi hivi." Hakuna sentensi inayomkosesha raha waziri kama hiyo, maana hawezi kuiita siasa, ni maneno ya Serikali yenyewe.

Na Hansard inaruhusu hilo. Hapa huduma inastahili sifa zote. Taarifa rasmi za majadiliano zipo kwenye tovuti ya Bunge, bure, kwa nakala za kupakua. Kila moja hutaja mkutano, kikao na tarehe, kisha dua, kisha maswali yenye namba. Tafuta kwa jina la jimbo kuliko kwa jina la mbunge, kwa sababu swali linaweza kuwa limeulizwa na mwingine. Utaona vifupisho K.n.y., yaani kwa niaba ya. Mbunge asipokuwepo, mwenzake anaweza kumsomea swali, lakini anayesoma kwa niaba mara nyingi hana takwimu za kuuliza nyongeza nzuri. Hiyo ilikuwa gharama ya kususia vikao pia. Mwaka 2016 wabunge wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipokuwa wakitoka nje kila Naibu Spika Tulia Ackson alipokalia kiti, walikuwa na malalamiko yao, lakini waziri alibaki ukumbini bila wa kumbana.

Hasara nyingine ni ya hadhira. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC ingeacha kurusha Bunge moja kwa moja, sababu ikitajwa kuwa gharama. Siku hizi vikao vinaonekana mtandaoni, lakini mkulima wa mtama wa Kongwa mwenye redio ya betri na simu ya batani hayupo tena kwenye hesabu kama zamani.

Kisha idadi. Kambi Rasmi ya Upinzani inahitaji angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote. Baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani hawakufika hapo, na pamoja na kambi vikaondoka mawaziri vivuli na hotuba mbadala za bajeti. Mbunge mmoja wa upinzani sasa anatakiwa ajue afya, maji, madini na ulinzi kwa wakati mmoja. Hawezi. Achague wizara mbili, azijue mpaka kwenye vifungu vya bajeti, na kila mkutano apeleke maswali ya hizo mbili tu. Akifanya hivyo mfululizo, wizara hizo zitaanza kumwandalia majibu kwa uangalifu zaidi.

Kama unataka kuangalia kwa macho, jengo liko kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro. Daladala za kati ya Nanenane na katikati ya mji zinapita hapo. Ruhusa ya kuingia jukwaa la wageni huombwa mapema kupitia mbunge au Ofisi ya Bunge. Beba kitambulisho, vaa mavazi ya heshima, na fika kabla ya saa 3:00 asubuhi, maana ukichelewa kwenye ukaguzi unakosa maswali yenyewe. Jukwaani hupigi makofi wala huzungumzi. Vyumba vya kulala hupanda bei wakati wa vikao, hasa kwenye bajeti, kwa hiyo weka nafasi kabla ya Aprili.

Kwa mwananchi asiye na mbunge wa kumsikiliza kuna njia ya pembeni: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoitaka taasisi ya umma ijibu ombi la maandishi ndani ya siku 30. Ni ya kimya zaidi, haina kamera, lakini ikijibiwa unampelekea mbunge karatasi yenye muhuri badala ya uvumi. Mbunge si lazima awe wa jimbo lako. Wa viti maalum au wa jimbo jingine anaweza kulibeba, mradi jambo ni la umma.

Mpelekee ukurasa mmoja, usizidi. Juu kabisa jina la kijiji, kata na halmashauri. Chini yake mradi, mwaka wa fedha, kiasi kilichotajwa na nani alikitaja. Kisha nakala za barua na picha zenye tarehe. Malizia na swali moja ulilolitunga mwenyewe, lisiloanza na "ni lini". Mfikishie wiki kadhaa kabla ya mkutano. Likimfikia mwezi Mei, swali la msingi limeshachelewa, lakini usilitupe: wizara husika ikifika kwenye Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitia bajeti fungu kwa fungu, mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia fungu hilo lisipite mpaka apewe maelezo, kwa hoja hiyohiyo, na waziri atalazimika kusimama kuieleza. Mwambie tu ajiandikishe mapema, kwa sababu muda ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja.